Fundi wa kung'arisha rangi, Eneo la Viwanda, Nakuru: alichoifanyia Mercedes yangu nyeusi na alichokataa kuifanyia

Fundi huyu alilipima gari kabla ya kuligusa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Nimepeleka magari kwa mafundi wa rangi hapa Nakuru kwa miaka mingi, na karibu wote huanza kwa njia moja: anazunguka gari, anapitisha kiganja kwenye boneti, anasema "hii itatoka yote, mama," kisha anataja bei. Huyu alitoa kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi, kinachoenea kiganjani, akakigandamiza kwenye boneti, kikalia, akasoma namba, akabandika kipande cha tepu ya karatasi palepale na kuiandika. Akaenda kwenye fenda, milango, paa, buti. Alipomaliza, gari lilikuwa na vipande vya tepu kila upande na bado hakuwa ametaja pesa.

Gari lenyewe ni Mercedes E250 ya mwaka 2014 iliyotoka Japani. Nalikodisha kwa harusi: mjini, Njoro, Molo, Bahati, Subukia, hadi Nyahururu wateja wakiita. Mtoto wa kaka yangu ndiye dereva. Mtu anayekodi gari jeusi kwa harusi halipii usafiri tu. Analipia picha. Mpiga picha atamsimamisha bibi harusi kando ya mlango, na rangi ikiwa safi gauni lote huonekana ndani ya mlango ule, hadi lesi za pindoni. Rangi ikiwa imechakaa, picha hutoka na ukungu wa mikwaruzo juu ya gauni, na hakuna mteja atakayerudi kwako. Prado nyeupe inaweza kukwaruzwa mwaka mzima na mwenyewe asijue. Nyeusi haina mahali pa kuficha, kwa sababu ukingo wa kila mkwaruzo hutawanya mwanga na kuonekana mweupe, na nyuma yake ni giza tupu.

Na sisi wa Nakuru tuna tatizo letu la ziada, nalo ni vumbi. Udongo wetu umetokana na majivu na mawe mepesi ya volkeno, ya Menengai na nyingine za Bonde la Ufa. Jiwe lile jepesi lenye matundu ndilo watu husugulia visigino. Ukielekea Gilgil, pale Kariandusi huchimbwa udongo mweupe wa daiatomaiti, ambao duniani hutiwa hata kwenye polishi za vyuma kwa sababu unasugua. Sasa fikiria gari limetoka Njoro kiangazi, limejaa vumbi la namna hiyo, na kijana mwenye nia njema kabisa analipangusa kwa kitambaa kikavu ili bwana harusi alikute linang'aa. Anachofanya ni kupiga msasa. Pale kwingi tunakooshea magari mambo ni hayohayo kwa maji: sponji inapita magurudumuni, inachovywa kwenye ndoo ileile, inarudi juu ya boneti, na sabuni ni ile ya unga ya kufulia nguo.

Hivyo ndivyo gari langu lilivyofikia pale. Kwenye kivuli lilipendeza. Likitoka juani, boneti na paa vilijaa duara juu ya duara. Mafundi huiita utando wa buibui, nalo jina hilo linastahili. Fundi alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: mikwaruzo ile haijakaa kwa duara hata kidogo, imelala ovyo kila upande. Ila taa au jua humulika ile tu iliyokaa kwa kulizunguka, na jicho huona duara. Alinihamishia taa polepole kutoka kushoto kwenda kulia ili nione, na kweli duara lote lilihama nayo.

Karakana yake haina bango. Ni geti la bluu lisilo na maandishi, ndani kuna sakafu ya saruji iliyomwagiwa maji ili vumbi lisipande, kuta nyeupe, na taa ndefu zilizofungwa darini na ubavuni. Anaingiza gari moja tu kwa wakati mmoja. Kuna kijana mmoja wa kumsaidia, na kazi yake kubwa niliyoiona ni kufua na kubadilisha taulo. Taulo ikianguka sakafuni haiokotwi kurudi kwenye gari. Inakwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya nguo chafu. Nilimwona kijana akifanya hivyo na taulo iliyokuwa mpya kabisa, bila kuambiwa na mtu.

Namba zile za kwenye tepu ni za maikroni, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa kama 70 hivi. Rangi yote ya gari lililotoka kiwandani, kuanzia praima hadi juu kabisa, kwa kawaida huwa kati ya 100 na 150, na ile safu ya juu isiyo na rangi, ambayo mafundi huiita klia, ni kama 40 au 50 tu ya hizo. Mikwaruzo ya kuosha huwa ndani ya klia. Kuing'arisha maana yake ni kuipunguza klia kidogo sana hadi ilingane na sakafu ya mkwaruzo. Hakuna dawa inayoondoa mkwaruzo bila kuondoa klia, na yeyote anayekwambia anayo anaujaza mafuta tu. Klia ndiyo inayokinga rangi dhidi ya jua. Ikiisha, ndipo unaona yale mabaka meupe yanayobanduka kwenye paa za magari yaliyoegeshwa nje miaka mingi.

Boneti ilisoma 118, paa 121, milango mingi hapo hapo. Boneti la gari hili ni la alumini, sumaku haishiki, kwa hiyo kifaa lazima kiwe cha aina inayosoma alumini na chuma cha kawaida. Bampa ni plastiki na hakikusoma kitu. Fenda ya kushoto ilitoa 260. Fundi aliinua macho akaniuliza kama niliwahi kuipaka rangi. Sijawahi. Aliyeniuzia alisema gari halijaguswa na fundi hata mmoja. Basi akaleta tochi ndogo akaisogeza hadi karibu kugusa boneti: ndani ya weusi kulikuwa na chembe ndogo ndogo zinazometameta. Akaisogeza kwenye fenda: weusi mtupu, hakuna chembe hata moja. Kumbe Mercedes ina nyeusi mbili zinazojulikana sana. Namba 040 ni nyeusi tupu, na 197, wanayoiita Obsidian Black, ina chembe za metali. Kibandiko cha gari langu kinasema 197. Mtu fulani, mahali fulani, aliipaka fenda 040 akaridhika. Nimeliendesha gari hili nikijua fenda ile "ina kitu" nikipita chini ya taa za mji usiku, lakini sikuweza kusema ni nini.

Kwenye boneti taa ilitoa kitu kingine. Mistari miwili iliyofifia, mipana kama vidole vitatu, inaanzia karibu na vioo na kukutana mbele kwenye grili. Fundi aliiangalia akaniuliza, "Mama, hili ni gari la harusi?" Sikuwa nimemwambia. Ile ilikuwa njia ya ribeni. Wapambaji hufunga ribeni kwa umbo la V kutoka pembeni hadi puani mwa gari, na gari likikimbia, ribeni hupigapiga boneti njia nzima, na vumbi limeingia chini yake. Ribeni laini ya satini, ndiyo, lakini vumbi lililo chini yake si laini. Harusi baada ya harusi imekuwa ikichora V ileile mahali palepale.

Sasa nifike kwenye mlango, maana hapa ndipo heshima yangu kwake ilipoanza.

Mlango wa nyuma wa kulia ulikuwa na mikwaruzo ya ua wa kayaba. Anayeujua mti huo anajua miiba yake. Tulikuwa tumepeleka bibi harusi kwao Subukia, kijia ni chembamba, ua umefunga pande zote mbili, na lori lilikuwa linakuja. Mikwaruzo mingi ilikuwa ya juu juu, ila mmoja ulikata kutoka kwenye kishikio hadi karibu na gurudumu, na ukipitisha ukucha unanasa. Huo ndio niliotaka utoke kuliko mingine yote. Nilikuwa na harusi Jumamosi iliyofuata, na mlango ule ndio bibi harusi hushukia.

Kifaa kilisoma 92 pale. Akarudia juu, chini, katikati: 90, 94, 91. Akaenda mlango wa pili wa upande ule ule: 119. Akarudi. Kifaa hiki, alinieleza, hupima rangi yote pamoja, hakiwezi kusema klia peke yake imebaki ngapi. Lakini milango miwili ya gari moja ikitofautiana hivyo, na wenye upungufu hauna dalili ya kupakwa upya, basi kuna mtu aliwahi kuung'arisha ule kwa nguvu sana, pengine hata kwa msasa. Kilichopungua kimetoka juu, na juu ni klia.

"Mkwaruzo huu nikiufuata mpaka chini," akasema, "klia itaisha kabla haujaisha."

Nikamwambia apunguze basi kiasi ambacho hauonekani kwenye picha. Akasema atalainisha kingo zake ili usimetemete juani, lakini utabaki, na ukucha utaendelea kunasa. Nikamwambia nitaongeza pesa. Nilimaanisha, na nilisema kiasi. Akaniangalia kwa adabu tu. "Mama, pesa nitapokea leo, na utaondoka umefurahi. Mwaka kesho mlango utaanza kufifia, uje uniulize, nami sitakuwa na jibu." Akasema mlango ule unahitaji rangi, na yeye kazi ya kupuliza rangi haifanyi, hana chumba chake.

Sikufurahi wakati ule. Nilikwenda nikasimama nje getini nikampigia fundi mwingine, ambaye aliniambia kwa simu, bila kuliona gari, kwamba huo ni mkwaruzo mdogo na anautoa kwa alfu tatu. Kusikia hivyo ndiko kulikonirudisha ndani.

Kazi yenyewe nilikaa kuiangalia kwa sehemu. Kwanza kuosha, na kuosha huko si kwa kawaida yetu. Maji ya kusukuma vumbi kwanza, bila kugusa. Kisha povu lililoachwa lifanye kazi. Kisha ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya maji matupu ya kusuuzia glavu kabla ya kuirudisha kwenye sabuni. Magurudumu yana ndoo na brashi yake mbali. Akapuliza dawa ya kuondoa chembe za chuma zinazotoka kwenye breki, na dawa ile ikageuka zambarau ikatiririka kwenye milango yote. Sikujua nilikuwa nimebeba chuma kiasi kile. Kisha udongo maalumu wa kunata, anaulainisha kwa mikono, anautelezesha kwenye rangi iliyoloweshwa, na unatoka na uchafu ambao maji hayaoni. Akaziba kingo za paneli, raba za madirisha na nembo kwa tepu, kwa sababu kingoni rangi huwa nyembamba zaidi na mashine huila haraka.

Halafu akafanya kitu kimoja kwenye buti ambacho ningependa kila mwenye gari akidai kwa fundi wake. Alitenga mraba mdogo kwa tepu, kama ukubwa wa sahani, akajaribu hapo tu. Alianza na sponji laini na polishi laini kabisa. Mashine yake ni ile inayozunguka huku ikiyumba, si ile inayozunguka tu, ambayo mikononi mwa mtu mwenye haraka huchoma rangi kwa joto na kuacha michirizi yake yenyewe. Akapita polepole sana, mkono mmoja juu, mwingine ukishikilia waya wa umeme begani usiguse gari. Polishi ikageuka kutoka nyeupe hadi utando mwembamba unaoona weusi chini yake. Akafuta. Mimi niliona kazi imekwisha: paling'aa sana. Yeye akachukua spiriti akapapangusa tena, na nusu ya mikwaruzo ikarudi mbele ya macho yangu.

Hapo ndipo nilielewa kilichonipata miaka yote. Polishi ina mafuta, na mafuta hujaa ndani ya mikwaruzo na kuifunika. Unalichukua gari linang'aa, unalipa, unashukuru, linaoshwa mara chache na kila kitu kinarudi palepale. Ukisafisha kwa spiriti kabla ya kuangalia, unaona kilichotoka kweli na kile kilichofunikwa. Fundi asiyetaka ufanye hivyo mbele yake, mimi simpi gari tena.

Akapanda ngazi moja: sponji ngumu kiasi, polishi ile ile. Bado. Akaniambia hilo halimshangazi, maana Mercedes ilianza mwishoni mwa 2003 kutumia klia yenye chembe ndogo mno za kauri, ngumu kukwaruzika, na kwa sababu hiyo ni ngumu pia kung'arishwa. Mwishowe alitumia pedi ya maikrofaiba na kompaundi ya kukata, kisha akarudi na sponji laini na polishi laini kuondoa ukungu ulioachwa na kompaundi. Spiriti. Taa. Mraba ule ulikuwa mweusi hadi ukaona nyuzi za taa darini moja moja, na kando ya tepu utando ukaanza upya kama kawaida. Baada ya kujua kwenye buti ni pedi na polishi zipi zinafaa, ndipo akaanza gari zima, na baada ya kila paneli alipima tena. Boneti ilitoka 118 ikawa 115. Maikroni tatu.

Nilipolichukua, nililitoa nje juani kwanza kabla ya kusema neno. V ya ribeni imetoka yote. Utando wa boneti na paa umetoka kiasi kwamba lazima utafute sana. Mikwaruzo midogo ya kayaba imetoka. Ule mrefu wa mlangoni upo, mwembamba kuliko zamani, na ukisimama hatua chache huuoni mpaka uelekezwe. Ukucha unanasa, kama alivyosema. Alama za mawe puani zimedondoshewa rangi na ukiinama unaziona ni vidoti. Kwenye paa yamebaki madoa machache ya maji. Kisima tunachotumia nyumbani kina madini mengi, kama visima vingi vya Nakuru, na maji yake yakikauka juani juu ya gari jeusi huacha pete nyeupe. Zikikaa muda mrefu huchimba klia. Nyingi alizitoa kwa dawa yenye asidi kidogo. Nyingine zilikuwa zimechimba, na kwa hizo alisema lile lile: angeweza, lakini haitalipa.

Harusi ya Jumamosi ilikuwa Njoro. Mpiga picha, ambaye tumefanya naye kazi muda mrefu, alizunguka gari akaniuliza kama nimenunua lingine. Picha moja amenitumia: bibi harusi ameinama kurekebisha kiatu, na mlangoni anaonekana tena ameinama, shela, maua, hata mpambe aliyeshika mwavuli nyuma yake. Mkwaruzo uko pale, ukiujua, unapita juu ya shela. Bibi harusi hakuuona. Mimi nauona, na kila ninapouona nakumbuka kwamba klia ya mlango ule bado iko.

Nililipa KSh 26,000 kwa yote, pamoja na kinga ya kupaka inayodumu miezi kadhaa. Alichukua KSh 10,000 kwa M-Pesa mwanzoni na iliyobaki nilipolichukua. Si pesa kidogo; mahali pengine utang'arishiwa gari kwa KSh 5,000 ukiwa umekaa unakunywa chai. Kwa gari jeusi linalokuletea kipato, kwangu ilistahili. Kwa gari jeupe la kwenda shambani, nenda kwa alfu tano na usijisumbue. Na kama klia ya gari lako imeshaanza kubanduka, usimpelekee huyu wala mwingine wa polishi, utakuwa unalipa bure. Hilo ni la rangi mpya.

Nilimuuliza kuhusu ile kinga ya kauri ambayo kila mtu anaitangaza siku hizi. Anaifanya, kwa gari la ukubwa wangu ni KSh 35,000, na kwangu alikataa kuifanya sasa. Mlango na fenda lazima vipakwe rangi kwanza. Ukipaka kauri leo utaiondoa kesho. Tena akasema wazi kwamba kauri haizuii mwiba wala jiwe. Inafanya maji na vumbi vitoke kwa urahisi, na kuosha kukiwa rahisi mikwaruzo hupungua. Baada ya kupakwa, gari lisiguse maji siku nzima ya kwanza na lisioshwe kama wiki moja, na katika msimu wa harusi sina wiki hiyo.

Sasa yasiyonipendeza. Mgeni kupata karakana yake ni kazi, na ukishafika hakuna pa kukaa ila benchi moja kando ya kompresa inayonguruma. Risiti hatoi mpaka umwombe, na nilipomwomba aliandika kwa mkono. Wenye biashara tunahitaji risiti, na mtu makini hivi kwenye kazi angekuwa makini hapo pia. Stima ilipotea alasiri moja, hana jenereta, gari likachelewa, na habari hiyo alimpa dereva wangu badala yangu mimi niliyekuwa nalipa. Tena nyumbani nilikuta polishi nyeupe imekaukia kwenye raba ya dirisha la nyuma na ndani ya herufi za nembo. Niliitoa kwa mswaki na maji ya uvuguvugu. Kwa bei ile, mswaki huo ulipaswa kuwa wake. Nilimwambia, akaomba radhi bila maneno mengi.

Alichonipa bila kulipia ni masharti. Ribeni zisipite juu ya boneti tena: tunazifunga kwenye grili na vishikio vya milango, zimekazwa, na gari likifika karibu na kanisa ndipo mapambo mengine yaongezwe likiwa limesimama. Seloteipu isiguse rangi. Maua yenye shina la waya yasilale juu ya buti. Vumbi lisipanguswe kavu hata mteja akiwa mlangoni. Afadhali gari lifike na vumbi kuliko lifike limesuguliwa, na kama maji hayapo, kuna dawa ya kupuliza inayolegeza vumbi kwanza. Wapambaji wawili walinuna. Mmoja alisema gari bila V si gari la harusi. Nilimpeleka kwenye simu yangu nikamwonyesha picha ya boneti chini ya taa, ile V ya kudumu, na sasa yeye ndiye anayewaambia wenzake.

Januari, harusi zikipungua, mlango na fenda vitakwenda kupakwa rangi kwa mtu ambaye fundi mwenyewe alinielekeza kwake, mwenye chumba cha kupulizia, na karatasi yenye namba 197 iko kwenye dashibodi tayari. Baada ya hapo rangi iachwe ikomae, kisha gari lirudi geti la bluu lisawazishwe na lipakwe kauri. Ukitaka nafasi kwake, mpigie kabla ya saa mbili asubuhi. Akishawasha mashine hasikii simu, na Novemba na Desemba hujaa mapema kwa sababu ya magari ya harusi kama langu. Peleka gari bila kulifuta. Anataka kuliona lilivyo.